Kutembelea Beetle ya kizamani kila siku hapa Dar bila kuhamia gereji

Mtu akija na stori kwamba anataka gari ya kizamani, cha kwanza muulize anataka ya kwenda nayo kazini au ya kupigia picha, maana hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na bajeti zake tofauti. Ya picha nunua yoyote roho inapopenda, hata Citroën DS, ile ambayo ukiiwasha inajiinua taratibu kama ngamia, ila ujue zile za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 60 mfumo wake wa haidroliki unatumia mafuta yake maalum ya kijani, fundi mmoja akijisahau akamimina mafuta ya breki ya kawaida raba zote za ndani zinavimba na mchezo umeishia hapo.

Ya kwenda nayo kazini chaguo linapungua haraka sana. Kwa hapa kwetu mimi nayaona manne tu: Landrova 109, Peugeot 504, Datsun 1200 pikapu na Volkswagen Beetle, ile ya mgongo wa kobe. Landrova ni ngumu kweli lakini foleni ya Ubungo na klachi ile, mguu wa kushoto utaomba likizo. 504 ni gari tamu mno ya safari, wazee wanaikumbuka ile stesheni wagoni ya siti 7 ikipiga ruti za mikoani, tatizo nyingi zilizobaki bodi zimeliwa na aliye nayo nzima hauzi. Datsun sina neno nayo, ukiipata chukua. Renault 4 nayo ina vituko vyake vizuri tu, gia inachomoza kwenye dashibodi na ukipima umbali wa tairi ya mbele na ya nyuma upande mmoja umezidi mwingine karibu sentimita 5, na wala haijapata ajali, ndivyo ilivyotoka kiwandani, ila spea zake utazitafuta mpaka unyooshe mikono.

Kwahiyo mimi ni mtu wa Beetle na nitakayoyasema hapa ni ya Beetle. Sababu siyo uzuri wa sura, sababu ni kwamba zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 na ya mwisho ilitoka kiwanda cha Puebla kule Mexico mwezi wa 7 mwaka 2003, Brazil nako waliacha 1996, Afrika Kusini pale Uitenhage walizitengeneza mpaka 1979. Maana yake spea mpya bado zinatengenezwa mpaka leo. Halafu haina rejeta, haina wota pampu, haina hosi za maji, injini inapozwa na upepo, na asiyejua kwamba inafaa mazingira yetu akumbushwe tu kwamba Safari Rally ya 1954, ya 1957 na ya 1962 zote zilibebwa na Beetle, enzi hizo mashindano yanapita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye vumbi na tope la kweli.

Ila kuna kitu lazima ukikubali kabla hujatoa hela. Fundi wa siku hizi amezoea gari anachomeka mashine, anasoma namba za hitilafu, anakwambia sensa fulani imekufa. Akifungua nyuma ya Beetle anatafuta pa kuchomeka, akikosa anaanza kubahatisha, na kubahatisha kwake ndiko kunakoua hizi gari kuliko uzee. Sa unachohitaji siyo fundi bingwa, ni wewe mwenyewe uijue gari yako, angalau zile kazi nne tano za kila mara. Kama hutaki kabisa kushika spana nunua Toyota IST uendelee na maisha, hakuna ubaya.

Kununua. Usiangalie injini kwanza, aisee, injini ya Beetle inashikwa na nati nne kwenye giaboksi, watu wawili wanaishusha kabla chai haijapoa na unaweza kuijenga upya hata mezani. Angalia bodi. Pwani hii na chumvi yake ya baharini gari inaoza kuanzia chini kwenda juu wakati juu rangi inawaka. Inua siti ya nyuma, upande wa kulia chini yake ndo betri inakaa, asidi imemwagika pale miaka na miaka, chukua bisibisi ugonge sakafu, ikitoa mlio mkavu sawa, ikizama ujue unanunua sakafu. Kisha zile boksi za pembeni chini ya milango, ambazo ndani yake ndo inapita hewa ya hita, hizo zikioza gari inapinda katikati, utaona mlango unagoma kufunga vizuri au nafasi ya juu na ya chini hazilingani. Weka jeki kwenye sehemu yake, kama jeki inapanda na gari haipandi, rudisha funguo kwa heshima. Inua tairi la akiba kule mbele ukague na chini yake. Kama bodi ni nzima na injini imekufa, hiyo ndo gari ya kununua. Injini nzima kwenye bodi iliyooza ni hasara iliyopakwa rangi.

Makaratasi usiyaache ya mwisho. Namba ya chesisi imegongwa kwenye ule mgongo wa katikati ya sakafu chini ya siti ya nyuma, na ipo tena kwenye kibati kule mbele, namba ya injini ipo kwenye blok chini ya kiti cha dinamo. Zote zifanane na kadi ya gari. Injini nyingi zilishabadilishwa huko nyuma bila kuandikishwa, hilo linarekebishika TRA ila muuzaji alifanye yeye, siyo wewe baada ya kulipa. Kama namba ya chesisi imekwanguliwa au imechomelewa kibati kipya, hapo hata bei iwe ya bure achana nayo. Bima wengi watakupa ile ndogo na kwa ile kubwa watakuzungusha kwa sababu ya umri wa gari, ukitaka kubwa piga picha za kutosha ndani na nje, tafuta mthamini, mkubaliane thamani kwa maandishi kabla ya kulipa, vinginevyo siku ya siku watakulipa bei ya skrepa.

Haya, umeinunua, inaingia barabarani kila siku. Jambo la kwanza kabisa ambalo wengi hawalijui na ndo limeua injini nyingi kuliko kitu kingine ni mabati. Injini imezungukwa na mabati meusi, na ukingo wa chumba chote cha injini una raba nene inayoziba nafasi kati ya mabati na bodi. Fundi akishusha injini akaona mabati yanamsumbua kurudisha anayaacha pembeni anakwambia "haya ni urembo tu, bila haya inapata hewa zaidi". Uongo mtupu. Kazi ya yale mabati na raba ni kutenganisha hewa ya baridi ya juu na hewa ya moto ya chini. Feni inavuta hewa ya juu, inaipitisha kwenye silinda, inatokea chini ikiwa ya moto. Ukiacha tundu, ile hewa ya moto inapanda tena juu, feni inaivuta, injini inajipulizia moto wake yenyewe. Jua la mwezi wa pili Dar, foleni ya Mwenge, injini ina matundu manne ya namna hiyo, lazima ichemke. Hata zile raba ndogo za kwenye waya za plagi, zile kofia zinazoziba mashimo ya bati, lazima ziwepo. Jumamosi moja lala chini na tochi, mwenzako awe juu na tochi nyingine, kila unapoona mwanga unapenya panatakiwa kuzibwa. Kazi yenyewe ni rahisi na itakuongezea maisha ya injini kuliko oili yoyote ya bei mbaya.

Na hapo hapo kwenye joto, kama gari imetoka Arusha au Mbeya ilikokuwa ikitembea miaka yote, muulize mwenye nayo kama walibadilisha jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopimia petroli. Kule juu hewa ni nyepesi, kuna mafundi wanapunguza jeti, ukishuka nayo huku usawa wa bahari inakuwa inapata mafuta kidogo kuliko hewa, na mafuta yakiwa pungufu moto unakuwa mkali. Chomoa plagi baada ya safari uisome: rangi ya kahawia kavu ni nzuri, nyeupe ina maana inaungua, nyeusi yenye masizi inakula mafuta ya bure. Halafu taimingi, yani muda wa cheche kuwaka, isisetiwe kwa sikio. Fundi atakwambia "sikia inavyovuta", ndio inavuta, huku hedi inapikwa.

Sasa ile kazi yenyewe, kuseti tapeti, yani kupima ile nafasi ndogo kati ya valvu na skrubu inayoisukuma. Hii usimwachie mtu. Inafanywa injini ikiwa ya baridi kabisa, yani gari imelala usiku kucha, asubuhi kabla hujaiwasha, ndo maana mimi naipangia Jumapili. Unahitaji spana namba 13, bisibisi pana na fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya milimita 0.15. Weka gia huru, vuta hendibreki, kabari kwenye tairi. Fungua kifuniko cha distribyuta, ile inayogawa cheche kwenye plagi, uione rota inayozunguka ndani yake. Kwenye ukingo wa distribyuta kuna alama ndogo imekwanguliwa, zungusha injini kwa nati ya puli mpaka rota iangalie ile alama na alama ya puli ilingane na mstari unaogawa blok katikati, hapo silinda namba 1 iko juu na valvu zake zote mbili zimefunga. Namba 1 iko upande wa kulia wa gari, ile ya kuelekea mbele, namba 2 iko nyuma yake, 3 ni kushoto mbele, 4 kushoto nyuma.

Jisogeze chini, ule waya mnene unaoshika kifuniko cha valvu usukume kwa bisibisi ushuke, kifuniko kinatoka na oili kidogo itadondoka kwahiyo weka boksi. Ingiza fila kati ya skrubu ya tapeti na kichwa cha valvu. Inatakiwa ipite kwa kuvutana kidogo, isiwe inaelea na isiwe inang'ang'ania. Kama haiko sawa legeza nati, zungusha skrubu, shikilia skrubu isizunguke huku unakaza nati, kisha pima tena maana ukikaza huwa inahama kidogo, hapa ndo wavivu wanapokamatwa. Ukimaliza mbili za namba 1, zungusha puli nusu mzunguko kurudi nyuma, yani kinyume cha mshale wa saa, unafika namba 2, nusu nyingine 3, nusu nyingine 4. Kwa mpangilio huo hupotei. Ukirudisha vifuniko hakikisha gasketi ya koki imekaa kwenye mfereji wake, zisiwe zimepakwa silikoni, silikoni ikimenyeka inaenda kuziba kunakopita oili.

Kwanini nimelikomalia hili? Kwa sababu nafasi ikipungua valvu haifungi vizuri, na valvu hasa ya ekzosi inapoa pale tu inapokalia siti yake, isipokaa inaungua, mwisho kichwa kinakatika kinadondokea kwenye pistoni. Namba 3 ndo huwa ya kwanza kufa kwenye injini za zamani, maana kule ndani kwenye boksi la feni kuliwekwa kipozeo cha oili kinachozuia hewa ya silinda hiyo, injini za kuanzia 1971 walikihamishia kwenye kiboksi chake. Kwahiyo ukisikia tapeti zinagonga tik tik tik kidogo asubuhi usiogope, ogopa siku imenyamaza kabisa. Kila kilomita 5,000 rudia.

Oili ni hiyo hiyo kila kilomita 5,000, na kwa foleni zetu hata 4,000 siyo dhambi. Inaingia lita 2 na nusu tu, na hii injini haina filta ya oili, ina kichujio cha waya peke yake, ndo maana huwezi kuchelewesha kama gari za sasa. 20W-50 ya kawaida inatosha, usidanganyike na sinthetiki nyepesi za Toyota za kisasa. Mwaga ikiwa ya moto, fungua kile kibati cha duara chini chenye nati sita ndogo, toa kichujio ukiinamishe juani uangalie. Masizi meusi ya kawaida poa. Ukiona vumbi linalomeremeta rangi ya fedha au ya shaba, hizo ni beringi zinaaga, anza kukusanya hela. Zile nati sita zinakazwa kwa vidole viwili kwenye spana, ukizikaza kwa hasira boliti zinachomoka kwenye blok na utavujisha oili mpaka uzeeke. Vivyo hivyo plagi, hedi ni ya aluminiamu, ianze kwa mkono mpaka igote ndo uweke spana.

Mkanda wa feni. Soma hapa taratibu. Mkanda mmoja ndo unazungusha dinamo, na feni imefungwa kwenye shafti ya dinamo hiyo hiyo. Kwenye gari nyingine taa nyekundu ya chaji ikiwaka unasema ntafika tu nyumbani ntaangalia. Kwenye Beetle taa hiyo ikiwaka ukiwa mwendo inaweza kuwa mkanda umekatika, maana yake hakuna feni, maana yake una dakika chache mno kabla injini haijakamata. Toka pembeni, zima, hata kama ni daraja la Kijazi na watu wanapiga honi. Kuna taa ya kufifia inayowaka ukiwa umesimama kwenye mataa na ukikanyaga mafuta inazima, hiyo ya kawaida, dinamo zile hazichaji vizuri injini ikiwa silensa, yani inazunguka taratibu bila kukanyaga mafuta. Inayobaki ndo mbaya. Mkanda wa akiba uwe ndani ya gari siku zote pamoja na spana ya nati ya dinamo. Hakuna kifaa cha kukazia, unafungua puli ya dinamo ambayo ina nusu mbili, katikati kuna washa nyembamba, ukitoa washa moja kutoka katikati ukaihamishia nje mkanda unakaza, ukirudisha unalegea. Ukiubonyeza kwa dole gumba uingie kama sentimita moja na nusu. Namba ya mkanda soma kwenye ule wa zamani, nyingi za dinamo ni 9.5 x 905, hiyo dukani unataja namba tu wala usiseme ni ya Beetle, ukisema Beetle bei inapanda au unaambiwa hamna.

Mpira wa petroli pia usiuchukulie poa, hizi gari zinaungua moto na chanzo ni hicho hicho kila siku. Pampu na kabureta viko karibu na distribyuta, mpira unapita juu yao, joto linaukausha, na ile mipira ya kizamani yenye kitambaa kwa nje inaficha nyufa. Badilisha mpira wote kuanzia tenki mbele mpaka kabureta, weka klipu kila maungio, na ile filta ndogo ya plastiki ambayo mafundi wanapenda kuining'iniza juu ya injini ihamishie mbele chini ya tenki. Kagua na kile kibomba cha shaba cha kuingizia mafuta kwenye kabureta, kikivutika kwa mkono ni hatari, kikazwe upya. Na betri ifunikwe mfuniko wake, chini ya siti ya nyuma kuna springi za chuma, akikaa mtu mzima mwenye mwili springi inagusa terminali ya betri na manyoya ya siti yanashika moto. Mtungi wa kuzimia moto trafiki atakuuliza hata hivyo, weka unaofanya kazi, mahali unapoufikia ukiwa umekaa.

Umeme kwa wale wanaotembea usiku. Zamani zilikuwa volti 6 na kuanzia modeli za 1967 na 1968 nyingi zikawa 12. Ya volti 6 taa zake ni mshumaa na balbu utazisaka, kama ndo ya kila siku hamishia 12. Na kama wewe ni wa foleni ya jioni, taa zinawaka, waipa zinafanya kazi, redio ipo, simu inachaji, dinamo haitatosha, funga alteneta. Wapo watakaosema umeharibu uhalisi, waachie uhalisi wao na wewe ufike Kimara na betri yako. Pointi, zile za ndani ya distribyuta zinazokata umeme ili cheche itoke, zisetiwe milimita 0.4, na seti moja ya pointi na kondensa ikae kwenye droo ya dashibodi. Kondensa za siku hizi ubora wake wa hovyo, ukinunua mpya ikafanya kazi, ile ya zamani nzima usitupe.

Kuendesha kwenyewe kunataka kuzoea. Asubuhi kanyaga mafuta mara moja uachie ndo uwashe, hiyo inaseti choki yenyewe. Ikiwa ya moto na umeizima dakika kumi sokoni ikawa inagoma, usipampu, kanyaga nusu ushikilie hapo hapo upige stata mpaka ishike. Rivasi unabonyeza gia chini kwanza ndo unaipeleka kushoto na nyuma, mwambie na kijana wa kuosha magari kabla hajakuvunjia kitu. Upepo wa tairi za mbele ni mdogo kuliko nyuma kwa sababu uzito mwingi uko nyuma, kwa tairi za redial za kawaida kama 18 mbele na 27 nyuma, kijana wa upepo sheli atataka kukujazia 35 zote maana ndo alivyozoea, simama umwangalie. Ukimwachia gari itakuwa inarukaruka na stelingi haishiki barabara. Kwenye kona punguza kabla ya kuingia, usikamate breki katikati ya kona, zile ekseli za nyuma za kizamani zinaweza kujikunja chini na mkia ukakutangulia.

Breki ni dramu, kuna nyingi ziko dramu kote kote, na zinataka kurekebishwa kila baada ya muda kwa bisibisi kupitia kitundu mpaka tairi likwaruze kidogo kisha unarudisha kidogo. Zikiwa zimesetiwa vizuri zinasimama, ila acha nafasi, bodaboda akiiona hiyo nafasi ataingia, basi acha nyingine. Mlima Kitonga unashuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, mguu wa breki ukiukalia mpaka chini dramu zinachemka na pedali inazama. Barabara ya Morogoro tembea 80 mpaka 90, basi likikupita upepo wake utakusukuma pembeni, kule mbele weka mzigo kidogo gari itulie. Mafuta itakula lita moja kwa kilomita 11 hivi, mjini pungufu. Kuhusu ile stori ya Beetle kuelea kwenye maji, mpya ilikuwa inaelea kwa muda kweli, sasa yako yenye sakafu ya viraka usijaribu Jangwani mvua ikipiga.

Spea. Beringi, sili, mkanda, brek shuu za kuwambwa upya, vyote hivyo nenda mtaa wa Gerezani na sampuli mkononi au namba, siyo na jina la gari. Mafundi wa kuchonga pale watakutengenezea bushi na pini ukiwapa ya zamani. Vitu vya Beetle peke yake kama pistoni na silinda, kebo ya klachi, kebo ya mafuta, kabureta, raba za milango, agiza nje kwa mkupuo mmoja ulipie usafiri mara moja. Kebo mbili hizo ziwe ndani ya gari tayari, zinakatika bila taarifa, japo ya mafuta ikikatika unaweza kwenda nyuma ukaikaza skrubu ya silensa injini ipande kidogo, ukaenda nyumbani kwa gia ya pili tu bila kugusa pedali. Kipindi unasubiri mzigo panda mwendokasi, usifungiwe kitu cha mbadala na fundi kwa sababu una haraka.

Na ukisikia mahali kuna Beetle inauzwa skrepa kwa kilo, wahi na jamaa mmoja na mfuko wa spana. Usikimbilie milango na vioo, hivyo kila mtu anavitaka na vipo. Chukua mabati yote ya injini hata yaliyopinda, boksi la feni, zile raba za ukingo kama bado zina uhai, vikombe vya plagi, puli ya dinamo na washa zake zote, distribyuta, kibati cha oili na nati zake sita, vitasa vya madirisha, na kile kimfuko cha maji ya kuoshea kioo cha mbele chenye kimpira kinachochukua upepo kwenye tairi la akiba, maana ndo pampu yake hiyo, tairi la akiba likiisha upepo kioo hakioshwi. Fungua kila nati na uiweke kwenye chupa na jina lake. Mwenye skrepa atakucheka unabeba mabati unaacha bodi, mlipe kabla hajaanza kuuliza ni ya nini.